Kasha la Chuma Juu ya Mlango

Mwenye nyumba hakuwa mtu wa kupanda ngazi za watu. Aliyemhitaji alimfuata dukani kwake, na yeye akimhitaji mtu alimtuma mlinzi. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumapili alipoonekana uani, amesimama katikati ya kamba za nguo na viatu vyake vya kutokea, wapangaji walijua kuna jambo. Walishuka mmoja mmoja, wengine na miswaki midomoni.

"Yaliyowapata wenzenu jengo la jirani mmeyaona," alisema. "Sina haja ya kuwahadithia."

Walikuwa wameyaona. Kasha la plastiki la breka, zile swichi zinazokata umeme, lililofungwa juu ya mlango wa nyumba moja, lilishika moto mchana kweupe, likayeyuka na kudondoka chini kama nta. Waliokuwa ndani hawakuwa na pa kupitia, kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja na madirisha yote yana nondo. Majirani walibomoa ukuta kwa nyundo ili kuwatoa. Walitoka hai, lakini mama mmoja alikuwa bado hospitali.

"Mimi sitaki kuitwa muuaji," mwenye nyumba aliendelea. "Kila nyumba itoe kasha la plastiki iweke la chuma. Kununua mtanunua wenyewe, kwenye kodi tutaelewana. Fundi mtafute wenyewe. Mwisho wa mwezi napita mlango kwa mlango, na nitakayemkuta na plastiki namkatia umeme. Tusilaumiane."

Minong'ono ikazuka. Fundi gani, wa wapi, wa bei gani? Ndipo kinyozi wa ghorofa ya pili, mtu asiyenyamaza hata wembe ukiwa shingoni mwa mteja, alipopiga kofi pajani.

"Jamani, tunahangaika nini? Nyama iko jikoni kwetu, sisi tunaulizana bucha! Si tuna Fundi humu humu?"

Wote wakageuka. Fundi alikuwa amesimama nyuma kabisa, kando ya tangi la maji, na aliposikia jina lake alirudi nusu hatua nyuma. Kabla hajapata la kusema, mkewe alikwisha kumjibia.

"Yupo, mnataka mwingine wa nini? Ataanza na kwetu muone mfano, kisha nyumba kwa nyumba mpaka amalize jengo zima!"

Uso wa mkewe ulikuwa umenawiri. Huyu ndiye mwanamke aliyeinama juu ya cherehani mwaka mzima akishona sare za shule za watoto wa watu ili wa kwake walioko bweni wasirudishwe nyumbani, na leo mumewe anatakiwa na jengo zima. Fundi akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole na mgeni wa heshima.

Hakuna jengoni aliyejua kwamba Fundi hakuwa fundi tena. Tangu siku ile bodi ya umeme ya kiwanda cha unga ilipomlipukia usoni na kumtupa chali, alikuwa hajagusa waya. Kidonda cha mkononi kilipona vizuri, na mkewe aliyekikanda ndiye aliyeshangilia. Lakini kila alipojaribu kufungua kasha la umeme, hata lililokwisha kukatwa umeme, vidole vilimgoma na jasho likamtoka mpaka nyayoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wake yeye ung'ongo ulikuwa umejaa katika kila nyumba. Basi kila asubuhi aliaga, akachukua mkoba wake wa zana, akavuka mji hadi kwenye bohari la vigae ambako hakuna aliyemfahamu, akaficha mkoba chini ya maturubai na kushinda akipakua makatoni. Jioni alirudi na vumbi jeupe kwenye suruali. Mke wa fundi umeme amezoea vumbi la kuta zilizochimbwa. Mkewe alifua, akaanika, hakuuliza.

*

Dukani walikwenda pamoja. Fundi alitaka kwenda peke yake, lakini mkewe alikwisha kujifunga kilemba.

"Sisi ndio mfano," alisema. "Majirani wataniuliza kwa nini hili na si lile. Nitawajibu nini?"

Muuza duka aliwatolea kasha jeupe linalong'aa, lenye kifuniko cha kioo cheusi. Fundi aliligonga kwa kifundo cha kidole akatega sikio. Kisha akakandamiza ubavu wake kwa dole gumba, na bati likabonyea.

"Hili ni mkebe wa maziwa ya unga," alisema. "Lete lile la kijivu pale juu."

"Lile halina urembo, bwana."

"Sijaja kuoa."

Mkewe akacheka, na muuza duka akacheka huku akipanda ngazi. Fundi alilipokea kasha la kijivu kwa mikono miwili, akalilaza juu ya kaunta na kulifungua. Lilikuwa tupu, halina waya wala uhai, na mikono yake ilitulia juu yake kama zamani. Akakagua reli ya kushikilia breka, kipande cha shaba cha kufungia nyaya za ardhi, bawaba za kifuniko.

"Mbona lile jeupe limeshatobolewa matundu pande zote?" mkewe aliuliza. "Si lingekupunguzia kazi?"

"Ndiyo ubaya wake. Kila tundu usilolitumia ni mdomo. Moto ukizuka ndani, utatafuta mdomo wa kutokea. Tunanunua chuma ili moto ufie humo humo. Sasa ukiuachia milango, umefanya nini?" Akageuza kasha. "Hili limefungwa kila upande, nitatoboa mwenyewe ninapotaka. Na nachukua kubwa kuliko breka zetu, mama watoto, siyo kwa kujionyesha. Nyaya zikibanana zinapashana joto. Zinataka nafasi ya kujikunja."

Mkewe hakuwa akilitazama kasha. Alikuwa akimtazama yeye. Ulikuwa umepita muda mrefu hajamsikia akisema maneno mengi namna ile kwa mfululizo.

"Shikamoo, mwalimu wangu!"

Sauti ilitoka mlangoni. Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo kidogo, mwenye ovaroli na buti, aliyejifunza kazi mkononi mwa Fundi miaka ya nyuma. Wakati ule alikuwa akichomeka bisibisi kwenye nywele kama kitana, na jina la Bisibisi likamganda. Sasa alikuwa na gari lake la kazi na jina lake ubavuni.

"Marahaba, Bisibisi. Hujambo?"

"Sijambo. Lo, nimefurahi! Umerudi kazini? Nilisikitika sana waliponiambia ume..." Akakutana na macho ya Fundi. "Umehamia upande mwingine wa mji."

"Tuhamie wapi?" mkewe alisema. "Tuko pale pale."

"Ah, watu wana maneno, dada yangu. Mimi nami nimeyabeba tu." Bisibisi akageukia kaunta, akaagiza vyake haraka haraka, na alipoaga hakumtazama tena mwalimu wake.

Njiani Fundi alibeba kasha begani, mkewe akabeba mfuko wa breka na pete za mpira.

"Yule binti alitaka kusema nini?"

"Maneno ya mafundi tu."

"Mm," mkewe alisema. Fundi aliijua miguno yote ya mkewe. Huu ulikuwa ule wa mtu aliyeona uzi umechomoza kwenye nguo na akaamua kutouvuta kwanza.

*

Kasha la zamani lilikuwa juu ya mlango wa mbele, mlango pekee, mwisho wa korido nyembamba ambayo watu wawili wakipishana mmoja hujibana ukutani. Upande wa pili wa korido, nyuma ya pazia, kilikuwa chumba cha mama yake Fundi. Mama alikuwa amekufa ganzi kuanzia kiunoni, lakini ulimi ulibaki mzima, na masikio ndiyo kabisa.

"Unapima nini huko, mwanangu?"

"Napima pa kuweka kasha jipya, mama."

"Si uliweke mbali na mlango?"

"Waya mkubwa unaotoka kwenye mita ni mfupi, mama. Haufiki kwingine. Litakaa pale pale."

"Haya. Kama sisi," mama alisema.

Fundi alipima akiwa amesimama mbali, kwa kijiti alichokitia alama za penseli, na shingo ameiinua kama anayetazama nyoka darini. Hakulisogelea. Lakini ukutani, kwa macho tu, alisoma kila kitu: nyaya za taa zinatoka kwenye tundu nyuma ya kasha, ya jiko inateremka kwenye bomba upande wa kushoto, na ile kubwa ya mita inakuja kwa kulia. Kisha akakaa chini, kasha la kijivu mapajani, akalichora.

Upande wa juu hakuugusa kabisa. Vumbi na maji hudondokea juu, na moto nao hupenda kupanda. Nyaya za taa na soketi angeziingiza kwa mgongoni, ambako tundu litafunikwa na ukuta. Ile kubwa ya mita angeiingiza ubavuni kupitia glandi, shingo ya kukaza inayoushika waya usivutike wala usichezecheze. Alitoboa kwa drili ya kuazima iliyochomekwa chumbani kwa mama, mbali na mlango, akapanua kidogo kidogo. Kisha akaketi na tupa, akasugua kingo za kila tundu mpaka akaweza kuzungusha kidole bila kukwaruzwa.

Mkewe alisimamisha cherehani akaja kuchungulia. "Kwa nini unasugua hivyo? Nani ataona?"

"Waya utaona. Chuma kikiachwa na meno, kitautafuna ganda lake taratibu, mwaka huu, mwaka kesho. Siku likitoboka, kasha zima limekuwa umeme. Ndiyo maana kila tundu lina pete yake ya mpira, na kasha lenyewe lina waya wake wa ardhi, wa kuupeleka chini umeme uliopotea."

"Na hapa? Umetoboa tundu moja kwa nyaya mbili."

"Waya unaopeleka umeme na ule unaourudisha lazima zipite tundu moja. Ukizitenganisha, kila mmoja na tundu lake, chuma kilichoko kati yake kinapata joto bila sababu ya kuonekana."

Kazi ilikuwa safi. Kila breka ilikuwa mahali pake, kila pete imekaa, na udongo maalumu wa kuziba mianya, ule usioshika moto, ulikuwa tayari kwenye mfuko wake. Lilibaki jambo moja tu, kukata umeme chini kwenye mita, kupanda kiti, na kulifungua lile la zamani.

"Kesho," Fundi alisema.

Kesho ilipofika alisema glandi haikuwa saizi yake. Siku iliyofuata drili ilikuwa imerudishwa kwa mwenyewe. Kisha alisema kuna kazi ya haraka mjini, akachukua mkoba wake akaenda kupakua vigae. Kwenye ngazi majirani walimsubiri kama wadai. "Fundi, lini?" "Fundi, mwezi unakatika!" Kinyozi alikwisha kununua kasha lake, lile jeupe la kung'aa, akaliweka juu ya televisheni kama pambo. Ilifika mahali Fundi akawa anasikiliza kwanza nyuma ya mlango kama ngazi ni tupu, ndipo atoke. Ndani kasha la plastiki, nje majirani, na yeye katikati, korido nzima ikiwa pana kama mabega yake.

*

Jumamosi mchana mkewe alikuwa akipiga pasi sare za wateja, Fundi amekaa karibu na pazia la mama yake akisugua kasha ambalo halikuwa tena na cha kusuguliwa. Harufu ilikuja kwanza, kama ya kitana kilichoangukia jiko. Kisha taa ikapepesa. Kisha uzi mwembamba wa moshi ukatoka chini ya kasha la plastiki juu ya mlango, ukajipinda, ukanenepa.

"Baba watoto!"

Fundi alikuwa amekwisha kusimama. Na alijua la kufanya, lilikuwa wazi kichwani kama ramani: pasi ichomolewe, kijiti kikavu kisukume swichi kuu, mtu ashuke akate kwenye mita. Ufagio wenye mpini wa mti ulikuwa umeegemea ukuta, mkono wake ungeufikia. Lakini miguu haikuwa yake. Mgongo ulikwenda nyuma wenyewe hadi ukakutana na ukuta, na mikono ikashika pazia la mama yake kama mtoto anayeshika kanga ya mamaye sokoni. Plastiki ilianza kulegea. Tone moja jeusi likaanguka kwenye kizingiti, likawaka kidogo, likazimika.

"Baba watoto, ufagio! Nipe ufagio!"

Hakumpa. Mkewe aliichomoa pasi, akampita, akauchukua mwenyewe, akapita chini ya moshi na kusukuma swichi kwa mpini mara moja, mara mbili, mpaka ikaanguka. Akafungua mlango kwa kishindo.

"Kata chini! Kwenye mita! Kata!"

Kinyozi alishuka ngazi pekupeku. Moshi uliendelea kidogo, ukapungua, ukaacha harufu na alama nyeusi hadi darini. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Walimwona mke wa Fundi na ufagio mkononi, na kilemba kimemvuka. Walimwona na Fundi, amegandamana na ukuta, pazia limekunjwa ngumini, macho yamemtoka.

Kinyozi alirudi akihema.

"Kumbe fundi mwenyewe ni shemeji!" alisema.

Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walikuwa watu walioponea chupuchupu. Lakini kicheko kiliingia ndani ya nyumba kikabaki hata baada ya mlango kufungwa.

Mkewe aliketi kwenye kiti cha cherehani. Alingoja.

"Sijagusa umeme tangu kiwandani," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siwezi. Hata ukiwa umekatwa, mkono unakataa."

"Na kila asubuhi unakwenda wapi?"

"Bohari la vigae. Napakua."

Alitegemea kilio au matusi. Mkewe aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Mimi ndiye ninayefua suruali zako. Vumbi la ukuta linakwaruza. Lako lilikuwa linateleza." Akashusha pumzi. "Nilidhani umepata kazi ya aibu na hutaki kuniambia. Siku ile uani nikasema, hapa sasa, kazi imekuja mlangoni, atarudi kwenye kazi yake. Nilidhani nakufungulia mlango. Kumbe nakufungia."

"Ungejuaje?"

"Ungesema!" Hapo sauti ikampanda. "Ungesema, baba watoto! Nimekaa chini ya lile dude na mama hapo nyuma, nikiamini nina fundi ndani ya nyumba! Ningejua sina, ningetafuta!"

Baadaye mkewe alimtaja mtu ambaye Fundi alijua angetajwa. "Tumwite yule binti."

"Nilimfundisha mimi kushika koleo. Aje aniokoe nyumbani kwangu, na kinyozi anatazama?"

"Basi nani?"

Kisha nyuma ya pazia wakasikia mama akikohoa, kwa kuwa moshi ulikuwa bado umemkaa kooni.

"Mwanangu," alisema. "Wewe ukiona haya utaficha uso. Mke wako ataruka, ana miguu. Mimi sina. Mlango ni huo mmoja."

Fundi alivaa viatu.

*

Bisibisi alimkuta amekaa juu ya kreti nje ya karakana yake, kofia mkononi kama mwombaji kazi. Hakumuuliza mengi. Alisikiliza, akafuta mikono kwa tambara, akasema, "Ningeliambiwa mapema ningekuja mapema. Twende."

Walipofika nyumbani alilifungua kasha la kijivu, akalizungusha polepole. Alipitisha kidole kwenye tundu moja, na jingine, akachungulia mgongo.

"Hapa sina la kuongeza," alisema. "Mita imekatwa?"

"Imekatwa, na mama watoto amesimama pale chini haachi mtu asogee," Fundi alisema. "Pima hata hivyo."

"Nitapima. Ulinifundisha." Alipanda kiti, akapima, akaliteremsha lile lililoyeyuka. "Sasa niitie nyaya. Macho yako, mikono yangu."

Fundi alisimama mwisho wa korido na kuziita. Ya jiko, kushoto, ishushe kwanza. Hiyo nyembamba ni ya chumba cha mama, usiibane. Acha mkunjo, acha mkunjo zaidi. Wa ardhi kwanza, kabla ya yote. Jasho lilimtiririka muda wote, lakini sauti haikutetemeka, na Bisibisi alijibu kila mara, "Ndiyo, mwalimu," bila mzaha. Mlangoni kinyozi alikuwa ameegemea akitazama. Mwishoni aliuliza kama lile jeupe la kung'aa linaweza kurudishwa dukani.

Umeme uliporudi, taa ya korido iliwaka bila kupepesa. Bisibisi alikusanya vifaa vyake, akamvuta Fundi kando.

"Jengo zima linasubiri, na mimi siwezi peke yangu. Wewe uchague makasha, upange nyaya zitakapoingilia, utoboe, usugue. Mimi nifunge." Akasita. "Lakini kazi itakuwa kwa jina langu, mwalimu wangu. Likitokea la kutokea, atakayeulizwa ni mimi. Siwezi kuweka jina la mtu asiyeweza kulifungua kasha."

"Naelewa."

"Huna hasira?"

"Ninayo," Fundi alisema. "Nitakuja."

Ikawa hivyo. Alikaa kwenye ngazi za jengo lake mwenyewe, kasha mapajani, chenga za chuma zikimwangukia miguuni, na wapangaji walimruka wakipita. Walimletea maji, walimshukuru. Walipokuwa na swali la maana walimuuliza Bisibisi. Kabla ya wiki kwisha kinyozi alikuwa amempachika jina la Fundi Matundu, na hata watu wazuri walilitumia kwa kuwa lilikuwa tamu mdomoni. Mkewe alilisikia mara ya kwanza akiwa anaanika nguo. Alibana kibanio cha nguo kwa meno mpaka kikavunjika, lakini hakumwambia.

*

Mwenye nyumba alipita mwisho wa mwezi, akagonga kasha kwa funguo zake, akaridhika, akaenda zake. Jioni ile jua likiwa bado liko nje, mama alimwita Fundi.

"Nitoe."

"Wapi, mama?"

"Nje. Nataka kujua kama natoka."

"Mama, hakuna moto."

"Ukiwepo ndio utaanza kujifunza kunibeba?"

Mkewe alifungua mlango na kusimama kando. Fundi alimwinua mama yake. Alikuwa mzito kuliko alivyomdhania, miguu yake ikining'inia kama ya mtu mwingine. Walipita kwenye korido kwa kujibana. Kasha la kijivu lilikuwa pale juu, limefungwa vizuri, na ndani yake umeme ulikuwa ukipita kimya kama unavyopita siku zote. Kadiri alivyokaribia ndivyo mgongo ulivyomwambia arudi. Lakini mikono ilikuwa imejaa, haikuwa na pa kushika. Akafumba macho.

"Fumbua macho," mama alimwambia sikioni. "Utanigonga kichwa."

Akayafumbua. Akavuka kizingiti.

Alimketisha kwenye kiti cha kinyozi, kilichotolewa haraka kikawekwa kwenye kibaraza cha ngazi, nje ya mlango. Mama alitazama uani chini, kamba za nguo, tangi la maji, watu waliosimama kumwamkia. Aliitikia kila mmoja, akauliza hali ya kila nyumba, akalalamikia ukuta kuwa mchafu. Fundi alisimama nyuma yake akihema, shati limemganda mgongoni.

Jua liliondoka ukutani. Mama akajifunika mabega.

"Haya, baridi imeanza," alisema. "Nirudishe ndani."

Fundi aliutazama mlango uliokuwa wazi, na korido nyembamba nyuma yake. Mkewe alikuwa amesimama humo ndani akiwangoja. Aliinama, akapitisha mikono chini ya magoti ya mama yake, na kwa muda akabaki ameinama hivyo hivyo.

"Nazidi kuwa mwepesi nikikaa?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi twende."